Amri za kutafutia za Google: zinazotiiwa, zinazoyumba na zilizokufa

Ukiandika bei ya leso Mombasa kwenye Google, injini haitafuti maneno hayo manne jinsi ulivyoyaandika. Inakisia. Inasahihisha tahajia kwa maoni yake, inaongeza maneno yanayokaribiana na yako, inaacha neno inaloliona halina uzito, inaangalia simu yako iko wapi, ndipo ikupangie kurasa. Kwa anayetaka kujua mechi imeisha ngapi ngapi, kukisia huko ni msaada. Kwa anayetafuta kiwango cha ushuru, ilani ya hati ya ploti katika Gazeti Rasmi, au nambari ya kipuri kabla ya kumlipa muuza duka, kukisia ndiko kunakomharibia kazi.

Amri za kutafutia zipo ili kuizuia isikisie. Ni za bure, hazitaki programu wala akaunti, na zinafanya kazi kwenye simu ya bei rahisi sawa na kwenye kompyuta ya ofisi ya klia, yaani wakala wa kutoa mizigo bandarini. Ila orodha ndefu za amri zinazozunguka mitandaoni zimejaa maiti. Google ikiondoa amri haikutangazii. Inaisoma kama neno la kawaida na kukuletea matokeo yoyote, nawe unadhani umetafuta vizuri. Kwa hivyo tathmini hii inapima kila amri kwa swali moja: ukiiamuru, inatii?

site: ndiyo yenye thamani kuliko zote

Mwenye nafasi ya kujifunza amri moja tu, ajifunze hii. Inafungia matokeo ndani ya tovuti moja, au ndani ya kundi zima la tovuti. Anwani za serikali ya Kenya zinaishia go.ke na za vyuo ac.ke, kwa hivyo:

site:kra.go.ke CRSP
site:go.ke tender "Dongo Kundu"
site:ac.ke Kimvita

Mstari wa kwanza unatafuta ile orodha ya bei ambayo KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, huitumia kukokotoa ushuru wa magari yaliyotumika. Ukitafuta bila site: unaletewa kwanza tovuti za wauza magari, na baadhi yao wamenakili orodha ya zamani na kuiacha hapohapo. Ukitumia site: unaipata kwa wenyewe. Mstari wa pili unakusanya wizara, mamlaka na kaunti kwa pigo moja. Wa tatu ni wa mwanafunzi anayetaka tasnifu na makala kuhusu lahaja ya Mombasa, sio blogu za utalii.

Angalia pia lugha ya mstari wa pili. Nyaraka za serikali ya Kenya karibu zote ziko kwa Kiingereza, kwa hivyo anayeandika zabuni ndani ya go.ke atapata kidogo sana. Nyaraka zitafute kwa Kiingereza. Mazungumzo ya watu, matangazo ya ploti na mapishi yatafute kwa Kiswahili.

Yanayoharibika hapa ni madogo lakini yanaua kabisa. La kwanza ni nafasi baada ya nukta mbili. site:kra.go.ke inafanya kazi, site: kra.go.ke haifanyi, maana injini inaona maneno mawili yasiyohusiana. Kibodi za simu zina tabia ya kupachika nafasi kila unapogusa neno lililopendekezwa, basi utupie jicho mstari wako kabla ya kubonyeza. La pili ni www. Ukiandika site:www.kenyalaw.org unajifungia kwenye tawi hilo moja, hali hukumu na matoleo ya Gazeti Rasmi yanapatikana new.kenyalaw.org. Andika site:kenyalaw.org, bila www, nayo inashika matawi yote.

Halafu kuna kosa la kuelewa. site: inaonyesha kile tu ambacho Google imekisoma na kukihifadhi. Chochote kilicho nyuma ya nywila, kama vile iTax au akaunti yako ya eCitizen, hakimo. Ukikosa waraka, usimwambie tajiri wako kwamba waraka haupo. Mwambie haupo kwenye Google. Na ile idadi ya matokeo ambayo Google hutaja ni makadirio, haifai kunukuliwa kwenye ripoti.

Amri hii hupinduka pia. Ukiweka kistari mbele yake, -site:facebook.com, tovuti hiyo inatoka kwenye matokeo. Kwa kutafuta nyumba za kupanga Nyali au Bamburi inasaidia sana, maana tangazo moja huwa limenakiliwa kwenye kurasa kumi.

Alama za nukuu

Maneno ndani ya alama za nukuu yanatafutwa kama yalivyo na kwa mpangilio ule ule. Hata neno moja peke yake likitiwa nukuu, injini inaacha kulisahihisha. Mfano mzuri ni jina la mji wetu. Wazungu wengi wa zamani waliliandika Mombassa, kwa s mbili. Ukiliandika hivyo bila nukuu, Google inakurudisha kwenye s moja na nyaraka zile za kale zinafunikwa. Ukiandika "Mombassa" zinatokea.

Kwa wenye kushughulika na ardhi, nukuu ni za lazima. Ploti nyingi za upande wa Nyali, Kisauni na Bamburi zinatajwa kwenye ilani kama za Mainland North, kwa kifupi M.N., na za upande wa Diani husajiliwa kwa mtindo wa Kwale/Diani Beach ikifuatiwa na nambari. Tafuta hivi:

site:kenyalaw.org "Mainland North" "new title"
site:kenyalaw.org "Kwale/Diani Beach"

Ongeza nambari ya ploti unayoichunguza, nayo ndani ya nukuu. Fahamu kwamba Google haijali mkwaju wala nukta hata ndani ya nukuu: "Kwale/Diani Beach" na "Kwale Diani Beach" kwake ni kitu kimoja. Hilo ni jema, maana makarani huandika kila mtu kwa namna yake. Matoleo mengi ya zamani ya Gazeti Rasmi yamo pia Google Books. Huko ni picha za kurasa zilizosomwa na mashine, na mashine hukosea tarakimu: 1 ikawa l, 0 ikawa O. Kwa hivyo usitafute kwa nambari peke yake. Tafuta pia kwa jina la mwenye hati na kwa jina la eneo, na ukikosa usifanye hilo kuwa ushahidi. Utafutaji wa rasmi kwenye ofisi ya ardhi hauna mbadala.

Nukuu zikikulaghai, sababu huwa moja kati ya hizi. Maneno yako yamo kwenye maelezo ya picha au sehemu nyingine ya ukurasa usiyoiona kwa macho. Au ukurasa umebadilishwa tangu Google ilipoupitia mara ya mwisho. Tangu 2022 kipande cha maandishi chini ya kiungo huonyesha pale maneno ya nukuu yalipo, basi kisome kwanza kabla ya kuchoma bando kufungua ukurasa mzima. Sababu ya tatu ni urefu: nukuu ya maneno kumi na mawili hukosa kwa sababu ya herufi moja tu. Maneno matatu hadi matano yasiyo ya kawaida yanatosha.

Nambari za vipuri ndizo zinazonufaika zaidi. Chujio la oili la Toyota zenye injini ya 1NZ, kama Probox na Fielder nyingi zinazopita bandarini, lina nambari 90915-10001. Itafute ndani ya nukuu. Ukiiacha wazi na kidole kikateleza ikawa 90915 -10001, yaani nafasi kabla ya kistari, umeiamuru Google ikuletee kurasa zenye 90915 zisizo na 10001. Unapata vipuri vingine kabisa, na unaweza kumlaumu muuza duka bure.

Ukitafuta maneno kadhaa bila nukuu, angalia chini ya kila kiungo. Mara nyingi utaona neno lako limepigwa mstari wa kufuta. Hiyo ni Google ikikiri kwamba ukurasa huo hauna neno hilo. Pembeni yake kuna kiungo cha kulilazimisha liwepo. Ukikigusa, neno linatiwa nukuu kwa niaba yako.

Kistari cha kutoa

Kinatii, na ni rahisi: kistari kikiwa kimegusana na neno, na nafasi kabla yake. Mji wa New Mombasa umo kwenye michezo ya video ya Halo, kwa hivyo anayetafuta habari za ujenzi mpya mjini kwa maneno hayo anajazwa askari wa kubuni wenye deraya:

"new Mombasa" -Halo

Vivyo hivyo anayesaka kumbukumbu za Wareno kwa jina walilolitumia, Mombaça, anakutana na mji wa Brazili wenye jina hilohilo katika jimbo la Ceará. Andika Mombaça -Ceará.

Usivirundike. Kistari kinatupa ukurasa wowote uliotaja neno hilo popote, hata kwenye viungo vya pembeni. Ukishafika vistari vitano, pengine ulichohitaji ni nukuu moja nzuri au site:.

OR, na kwa nini Mswahili anaihitaji kuliko Mwingereza

OR huandikwa kwa herufi kubwa. Ikiandikwa kwa herufi ndogo ni neno tu. Kwenye Google inaunganisha vilivyo kulia na kushoto kwake, kwa hivyo

leso OR kanga OR khanga Mombasa

inaeleweka kuwa moja kati ya hayo matatu, pamoja na Mombasa. Wauzaji wa Mtaa wa Biashara wanaandika leso, wa Dar es Salaam kanga, na maduka ya mtandaoni ya ng'ambo khanga. Anayetafuta kwa neno moja anaona theluthi ya soko.

Jambo zito zaidi ni muundo wa lugha yenyewe. Kwa Kiingereza injini inajua kwamba umoja na wingi ni kitu kimoja, kwani tofauti huwa ni herufi mwishoni. Kwa Kiswahili mabadiliko yako mbele na katikati: mvuvi na wavuvi, kivuko na vivuko, inauzwa na zinauzwa. Usitegemee injini ikuunganishie. Jiunganishie mwenyewe:

"ploti inauzwa" OR "ploti zinauzwa" OR "ploti ya kuuza" Mtwapa

Ongeza shamba na kiwanja upande mmoja, lakini kumbuka Google inasoma maneno 32 tu, yanayozidi inayaacha. Kwa simu ni afadhali kutafuta mara mbili kwa mistari mifupi.

Na nyota je? Wanafunzi waliozoea hifadhidata za maktaba, ambako nyota mwishoni mwa neno hukamata miisho yote, huandika wavu* wakitarajia wavuvi. Kwa Google hilo halifanyi kazi. Nyota yake inasimama badala ya neno zima au maneno kadhaa, sio herufi, na ina faida ndani ya nukuu, ikiwa na nafasi pande zote mbili:

"mwenda tezi na omo * ngamani"

Hapo inakurudishia methali kwa namna zote zinavyoandikwa, za wasemao marejeo ni na za wasemao vingine. Kwa mwalimu anayekagua nukuu za fasihi au mhariri wa mashairi, ni chombo cha kweli. Kwa wengine ni pambo.

Aina ya faili na tarehe

filetype:pdf inatii vizuri. Ukiichanganya na site: unapata nyaraka zenyewe badala ya kurasa zinazozizungumzia:

site:go.ke filetype:pdf Kilindini tender
site:kra.go.ke CRSP filetype:xlsx OR filetype:pdf

Majedwali ya bei na viwango ni bora uyatafute kama xlsx, maana yanaweza kupangwa upya na kuchujwa. Jedwali lililogeuzwa pdf ni mateso kulinakili. Amri hii ina upande wa pili usiopendeza. Watu na ofisi huweka mtandaoni faili wasizokusudia zionwe na wageni: wasifu wa kazi wenye nambari za vitambulisho, orodha za wanafunzi, mishahara. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kupata kitu kwenye Google si ruhusa ya kukitumia. Jitafute mwenyewe kwanza, jina lako kamili ndani ya nukuu pamoja na filetype:pdf, uone kilichovuja.

Tarehe zina njia mbili. Moja ni menyu ya Zana juu ya matokeo, yenye saa iliyopita, siku, wiki, mwezi, mwaka na kipindi unachokichagua. Nyingine ni amri after: na before:, zilizoanza 2019. Treni ya SGR ilizinduliwa Mombasa tarehe 31 Mei 2017. Anayetaka kulinganisha ahadi na matokeo ataandika:

SGR Miritini before:2017-05-31

Mpangilio ni mwaka, mwezi, siku. Ukiandika kwa mtindo wetu wa siku kwanza, amri haifai. Mwaka peke yake unakubalika, ila tarehe kamili haina utata. Udhaifu wa amri hizi si amri yenyewe, ni tarehe ambazo Google imezipa kurasa. Ukurasa wa 2014 uliobadilishwa nembo juzi unaweza kuhesabiwa mpya, na kanuni ya zamani ya kuingiza magari ikakujia kama ya mwaka huu. Kwa hiyo tumia tarehe kupunguza rundo, halafu fungua waraka usome tarehe iliyochapishwa ndani yake.

Za daraja la pili

intitle: inatafuta neno kwenye kichwa cha ukurasa na inatii. Ni nzuri pale neno lako ni la kawaida mno, mfano intitle:Likoni ferry. Dada yake allintitle: inakamata maneno yote yanayofuata, basi ukiichanganya na amri nyingine inavurugika, iache. inurl: inatafuta ndani ya anwani. Inafaa kwa wenye kujua jinsi tovuti fulani inavyopanga kurasa zake, si zaidi.

AROUND, kwa herufi kubwa na nambari kwenye mabano, inadai maneno mawili yawe karibu:

"Fort Jesus" AROUND(8) Cairati

Cairati ndiye msanifu Mwitaliano aliyechora ngome yetu, iliyojengwa 1593 hadi 1596, na wengine humwandika Cairato. Amri hii haimo katika mwongozo wa kawaida wa Google. Siku nyingine inasaidia, siku nyingine haionyeshi tofauti yoyote. Ijaribu, usiitegemee. Nukta mbili kati ya nambari, kama 2015..2018, nazo ni hivyohivyo. Kwa bei za shilingi hazina maana kubwa, kwa kuwa mmoja ameandika 25,000, mwingine 25000 na mwingine 25K.

Maiti

Alama ya kujumlisha (+) iliondolewa 2011, na nukuu zikachukua kazi yake. Kiwimbi (~) cha kutafuta visawe kilikwenda 2013. link:, ya kujua nani ameunganisha na tovuti yako, iliachwa 2017. cache:, iliyoonyesha nakala ya ukurasa kabla haujafutwa, ilikwenda 2024, na hiyo ndiyo inayoumiza kweli, hasa kwa wanaofuatilia matangazo ya zabuni yanayotolewa kimyakimya. Badala yake nenda Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti:

web.archive.org/web/*/mombasa.go.ke*

Nyota ya mwisho inakupa orodha ya anwani zote zilizohifadhiwa chini ya tovuti hiyo, nazo zinaweza kuchujwa kwa neno kama pdf. Hapa uvumilivu unahitajika, inapakia polepole.

Vitufe viwili vinavyopuuzwa

Ndani ya Zana, palipoandikwa matokeo yote, kuna chaguo la neno kwa neno, ambalo kwa Kiingereza linaitwa Verbatim. Linazima usahihishaji na visawe kwa mstari wako mzima bila kukulazimu kutia nukuu kila neno. Kwa Kiswahili ni hazina, kwani majina ya mitaa yetu na maneno ya Kimvita ndiyo yanayosahihishwa ovyo. Lina kasoro moja: ukifungua utafutaji mpya linajizima.

Kitufe cha pili ni kichujio cha Web, kilichoongezwa Mei 2024, wakati muhtasari wa akili bandia ulipoanza kutandazwa juu ya matokeo. Kinaondoa muhtasari, video na visanduku vya maduka, kinabakisha viungo vitupu. Kwenye simu hujificha mwisho wa safu ya vichujio, isogeze kushoto. Asiyekiona aongeze &udm=14 mwishoni mwa anwani ya ukurasa wa matokeo. Muhtasari ule unaandikwa kwa sauti ya uhakika hata pale unapochanganya kanuni ya nchi moja na ya nyingine. Kwa ushuru na sheria, soma waraka wenyewe.

Kuna pia suala la mahali. Simu yenye bando mara nyingi huonekana kwa Google kana kwamba iko Nairobi, hasa ukiwa umezima GPS, na ukitafuta fundi wa friji unaletewa wa River Road. Shuka chini kabisa ya ukurasa wa matokeo, utaona mji unaodhaniwa uko na kiungo cha kuusahihisha. Njia ya haraka ni kutaja mtaa: Changamwe, Tudor, Bombolulu, Likoni. Mombasa peke yake haitoshi, maana mashirika mengi ya Nairobi yameandika jina hilo kwenye kila ukurasa.

Bing na DuckDuckGo

Injini hizi mbili nyingine za kutafutia zinafaa kama shahidi wa pili, kwa kuwa si kila ukurasa unaokosekana Google unakosekana kwingine. site:, filetype:, intitle: na nukuu zinaeleweka kote. Tofauti zipo kwenye undani. Kwa Bing, OR ina nguvu ndogo kuliko amri zote, basi lazima itiwe mabano: (leso OR kanga) Mombasa. Bila mabano inasomeka leso peke yake, au kanga pamoja na Mombasa. Mwongozo wake unasema pia kwamba maneno kumi ya kwanza tu ndiyo yanayotumika. Kwa DuckDuckGo kistari cha kutoa hakiondoi, kinapunguza tu, na anayekitegemea atashangaa. Sifa yake ni njia za mkato za alama ya mshangao: !w Mvita inakupeleka moja kwa moja Wikipedia.

Gmail, kwa watu wa mizigo

Amri zilezile, kwa sura nyingine, zimo kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail, na ofisi nyingi za klia zingeokoa muda mwingi zaidi huko kuliko kwenye Google yenyewe:

has:attachment filename:pdf "bill of lading" after:2025/01/01

larger:10M inaonyesha barua nzito zinazojaza akaunti, older_than:2y za zaidi ya miaka miwili, na from: inachuja kwa mtumaji.

Shida kubwa ni nambari ya kontena. Kwa kanuni ya kimataifa ina herufi nne, ya nne ikiwa U, kisha tarakimu saba, ya mwisho ikiwa ya kuhakiki. Mmoja huiandika CSQU3054383, mwingine CSQU 305438-3. Gmail kwa kawaida haikamati kipande cha neno, kwa hivyo anayetafuta 305438 haoni barua iliyoandikwa bila nafasi, na aliyeandika yote kwa pamoja haoni iliyotenganishwa. Tafuta zote mbili:

"CSQU3054383" OR "CSQU 305438"

Kama bado haionekani, ongeza in:anywhere, maana utafutaji wa kawaida hauingii Barua taka wala Tupio, na barua za mawakala wa meli zenye viambatisho vingi huangukia huko. Fanya hivyo siku hiyohiyo: vilivyomo Barua taka na Tupio, Gmail huvifuta baada ya siku 30.